Mche Huu ni wa Ukoo Gani?

Mhadhara kwa wakulima, walimu na wenye vitalu wa Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma



Swali mlilonipa ni hili. Mtu ameotesha mbegu za tunda la jamii ya mchungwa, miche imeota, na sasa hakuna anayejua ni miche ya nini. Kwenye barabara yetu hii ya Webuye kwenda Kitale jambo hilo limeenea. Mtoto ametema mbegu karibu na jiko, zimechipuka, na mama amezihamishia kwenye kopo kuukuu la mafuta ya kupikia. Mkulima amenunua miche siku ya soko, muuzaji amemwapia kwamba yote ni machungwa. Kijana amerithi boma lenye mti wa miiba nyuma ya zizi, na aliyeupanda hayupo wa kuulizwa. Kila mmoja wao ana hofu ile ile: kutunza mti miaka saba au minane, kisha uzae kitu kichungu ambacho hata watoto wa shule wanakipita.

Jibu langu nitalitoa mwanzoni ili mnipime nalo. Jani la mche litakutajia ukoo: kwamba huu ni mlimau, ule ni mchungwa, ule mwingine ni mchenza au mbalungi. Jina la ndani ya ukoo, yaani kama chungwa hilo ni Valencia au Hamlin, jani halina. Lakini ukoo peke yake unatosha kuamua karibu kila kitu ambacho mkulima anahitaji kuamua mche ungali mdogo. Mgeni akifika kwenye boma la Kibukusu huulizwa ukoo wa baba na ukoo wa mama kabla ya mazungumzo kwenda mbali, kwa sababu jibu hilo ndilo linalosema kama ni mjomba, shemeji, au mtu anayeweza kuoa hapo. Mche nao tuuulize kwa utaratibu huo: kwanza mama yake, kisha ukoo wake. Jina litakuja na tunda.

Mbegu na mama yake

Sisi watu wa upande huu tumelelewa na mahindi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya 611, ambayo mzazi wake mmoja alikuwa mahindi ya Kitale na mwingine mahindi yaliyotoka Ecuador. Tangu hapo kila mkulima anajua kwamba ukipanda tena punje za chotara, shamba la mwaka unaofuata halifanani na la kwanza. Kwa mahindi kanuni hiyo ni ya kweli. Wengi wameihamishia kwenye machungwa, na ndiyo maana husikika kila mahali kwamba mbegu ya chungwa tamu huzaa chungwa chachu. Machungwa hayafuati sheria ya mahindi.

Mwaka 1719 Antoni van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea darubini zake mwenyewe, alipasua mbegu ya tunda la jamii hii akakuta viinitete viwili ndani ya mbegu moja. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla Eduard Strasburger, mwanabotania aliyefundisha Ujerumani, kueleza mwaka 1878 vinakotoka. Kiinitete kimoja huzaliwa kwa njia tuliyoizoea, chavua ya baba ikikutana na yai la mama. Vingine huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye nyama ya mama inayolizunguka yai hilo. Hivyo havina baba; kila kimoja ni nakala ya mti mama. Na kwa kuwa nakala hizo mara nyingi huwa na nguvu, humsonga yule mwenye baba na mama hadi afie ndani ya mbegu, au aote akiwa dhaifu. Mwaka 2017 watafiti nchini China waliihusisha tabia hiyo na jeni moja, na wakaonyesha kipande kidogo cha DNA kilichojipachika kando ya jeni hiyo kwenye miti yenye viinitete vingi.

Kwa mkulima maana yake ni kubwa. Mchungwa, mdanzi, mbalungi, ndimu ndogo, michenza mingi, na ule mlimau wenye tunda la ganda la vinundu ambao wauza miche huuita rafu lemoni, yote hutoa mbegu zenye viinitete vingi. Miche yake mingi ni nakala za mama. Upande wa pili kuna furungu, lile tunda kubwa kuliko yote katika jamii hii, pamoja na sitroni, na aina ya chenza iitwayo Clementine. Hayo hutoa kiinitete kimoja tu kwa kila mbegu, tena chenye baba na mama, kwa hiyo kila mche ni mtoto mpya asiyefanana na mwingine. Limau la kawaida liko katikati: baadhi ya mbegu zake zina nakala, nyingine hazina.

Kwa hiyo swali la kwanza si la jani. Ulizeni tunda lilikuwa gani, lilinunuliwa wapi, lilikuwa tamu au chachu, na lilikuwa na mbegu ngapi. Hilo la idadi ya mbegu watu hulipuuza, ilhali ni ushahidi mzito. Chenza la Pixie linalosifika siku hizi kutoka Makueni lilizalishwa Riverside, California, kutokana na mbegu ya mwaka 1927, likatolewa kwa wakulima mwaka 1965, na sifa yake mojawapo ni kukosa mbegu. Chungwa la Washington Navel nalo halina chavua hai na halina mbegu. Lilitoka Bahia, Brazil, likafika Washington mwaka 1870, na mwaka 1873 Eliza Tibbets akapokea miche yake huko Riverside. Miti yote ya jina hilo duniani imeenezwa kwa kubebesha. Mtu akikuambia kwamba mche wake wa Pixie au wa Washington umeota kwa mbegu, mshukuru na uendelee na safari yako. Na wewe ukiwa umetoa mbegu kumi na tano kwenye chungwa moja, jua kwamba mama hakuwa mmoja wa hao wawili.

Mbegu yenyewe pia inasomeka. Ichukue ikiwa mbichi, menya ganda la nje kwa ukucha, kisha ngozi nyembamba ya kahawia iliyo chini yake, na utazame rangi ya nyama ya ndani. Ikiwa ya kijani kibichi, mwelekeo ni chenza. Ikiwa nyeupe au ya maziwa, mwelekeo ni chungwa, danzi, balungi, furungu au limau la kawaida. Rafu lemoni huwa na ukijani hafifu. Mbegu iliyomenywa namna hiyo bado inaota, tena huota upesi, kwa hiyo hupotezi kitu. Usizianike juani kama maharagwe. Mbegu za jamii hii hufa zikikauka.

Panda kila mbegu peke yake, halafu hesabu machipukizi. Mbegu moja ikitoa machipukizi mawili au matatu, umejua kwamba mama ni wa kundi lenye nakala. Ikitoa moja tu, hujajua lolote bado, kwa sababu nakala zilizomo huenda zilisongana. Kipimo cha pili ni kufanana. Panga miche ya tunda moja kwa mstari inapofika urefu wa kiganja. Ikiwa karibu yote inalingana kwa umbo la jani na kwa kimo, na miwili mitatu tu imejitenga, ile inayolingana ndiyo nakala za mama. Iliyojitenga ndiyo yenye baba wa nje. Mwenye kitalu anayetaka miche sawa huing'oa hiyo bila huruma. Ikiwa hakuna hata miwili inayofanana, basi mama alikuwa furungu au mwenzake, na hapo hakuna wa kukuahidi tunda.

Kulisoma jani

Sasa tuje kwenye mche ambao mama yake hajulikani kabisa.

Kwanza hakikisha kwamba ni wa jamii hii. Inua jani dhidi ya mwanga wa jua: utaona vitone vingi vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na ndivyo vinavyotoa harufu unapolisugua jani kati ya vidole. Shahidi mwingine ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus. Akiwa mchanga kiwavi huyo hufanana na mavi ya ndege, akikua huwa wa kijani mwenye mabaka, na ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Chakula chake kikuu ni miti ya jamii ya mchungwa na jamaa zake wa msituni. Kipepeo akitaga kwenye mche wako, ujue amekwisha kuutambua kabla yako.

Pili, ngoja. Majani mawili ya kwanza ya mche wa mbegu hukaa yakielekeana, na umbo lake halilingani na yatakayofuata. Bawa ninalotaka kulieleza sasa huenda lisionekane kabisa kwenye majani hayo. Usitoe hukumu kabla mche haujafika sentimita 20 au 30 na kuwa na majani kumi au zaidi, na uchague jani lililokomaa la katikati.

Tatu, tazama mambo matano: kiungo, bawa, ukingo, rangi ya chipukizi, na harufu. Mambo hayo hayakukaa hapo kwa bahati. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Guohong Albert Wu na wenzake, waliochunguza jenomu za mimea 60 ya jamii hii. Walionyesha kwamba chimbuko lake ni mitelemko ya kusini-mashariki ya Himalaya, kuanzia Assam ya mashariki hadi Yunnan ya magharibi, na kwamba matunda mengi tunayoyala ni machotara ya mababu wachache. Watatu ndio wakuu: furungu, chenza na sitroni. Chungwa na danzi vyote ni uzao wa furungu na chenza. Balungi lilitokea Barbados katika karne ya 18, furungu lilipokutana na chungwa. Limau ni mtoto wa danzi na sitroni. Rafu lemoni ni mtoto wa chenza na sitroni. Ndimu ndogo ni mtoto wa sitroni na mti wa Ufilipino wenye mabawa makubwa kwenye majani, uitwao Citrus micrantha. Ukishajua hivyo, jani linakuwa barua ya ukoo: kila babu ameacha alama yake humo.

Bawa ni alama ya furungu. Kikonyo cha jani la mfurungu kimepanuka pande zote mbili hadi kikafanya jani dogo la pili lenye umbo la moyo, chini ya jani kubwa. Mstari wa kiungo huonekana wazi pale viwili hivyo vinapokutana. Kadiri mti ulivyo karibu na furungu, ndivyo bawa lilivyo pana. Sitroni ameacha alama ya kinyume: jani lake halina bawa wala kiungo, ukingo wake una meno madogo kama ya msumeno, na machipukizi yake yana rangi ya zambarau. Chenza ameacha wembamba: jani dogo lenye ncha, na bawa lililopungua hadi likawa kama uzi.

Sasa tuziite koo moja moja.

Mfurungu una jani kubwa na bawa pana la moyo. Pitisha kidole upande wa chini wa jani na kwenye chipukizi. Utahisi vinyweleo laini. Mbalungi una bawa pana vilevile, mara nyingi likigusa mwanzo wa jani, lakini vinyweleo ni haba au havipo. Mdanzi una bawa la wastani, kikonyo kirefu, na harufu nzito ya manukato. Majani yake hukamuliwa mafuta ya marashi huko Ulaya na Amerika ya Kusini. Mchungwa una bawa jembamba linaloonekana bila kutafutwa, ukingo ulio karibu laini, na chipukizi la kijani. Mchenza una jani dogo jembamba, bawa la uzi, na harufu ile ile inayobaki vidoleni baada ya kumenya tunda lake.

Upande wa sitroni kuna mlimau: jani refu, ukingo wa meno madogo, bawa karibu hakuna, na chipukizi la zambarau ambalo hugeuka kijani likikomaa. Rafu lemoni hufanana nao, ila jani lake lina ncha butu zaidi na zambarau yake imefifia. Mche wake hukua kwa pupa na kuwaacha wenzake nyuma. Mndimu una jani dogo la mviringo, bawa dogo lakini dhahiri ulilorithi kwa babu wa Ufilipino, na miiba mifupi mikali iliyosongamana. Kumbukeni hapa kwamba sokoni kwetu neno ndimu hutumika kwa tunda la mndimu na la mlimau pia. Kwa hiyo aliyekuambia ameotesha ndimu hajakuambia bado. Jani ndilo litakalomaliza ubishi.

Na ukikuta jani la vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, umekutana na damu ya Poncirus, mti wa China unaovumilia baridi kali. Watafiti wa Marekani waliuchanganya na mchungwa tangu mwisho wa karne ya 19, wakapata vishina vya kubebeshea kama Troyer na Carrizo. Jani hilo la vipande vitatu huwatawala watoto wake wote, na kwa sababu hiyo lilikuwa msaada mkubwa kwa watafiti: kwenye kitalu cha mbegu za mchungwa uliopewa chavua ya Poncirus, mche wa jani moja ulikuwa nakala ya mama, wa vipande vitatu ulikuwa chotara.

Mambo yanayopotosha

Miiba haitaji ukoo. Karibu kila mche ulioota kwa mbegu una miiba, hata wa chungwa tamu, kwa sababu miiba ni alama ya utoto wa mti. Mti uliobebeshwa jicho kutoka kwenye tawi lililokwisha kuzaa huwa na miiba michache. Kwa hiyo miiba mingi inakuambia kwamba mche umetoka kwa mbegu. Haikuambii kwamba ni mlimau. Watu wameng'oa michungwa mizuri kwa kutojua hilo.

Rangi ya ganda la tunda nayo haitaji jina. Machungwa ya soko letu huja kutoka Teso nchini Uganda, ambako kiwanda cha matunda cha Soroti kilifunguliwa mwaka 2019, na kutoka Tanzania, na kutoka Ukambani. Lile la Muheza, Tanga, huwa la kijani hata likiwa limeiva na limejaa maji. Ganda la chungwa hugeuka rangi usiku unapokuwa wa baridi. Nakala ya mti huo huo ikizalia hapa chini ya Mlima Elgon itapata rangi ya machungwa, na tunda litachelewa kuiva na kuwa na uchachu zaidi. Mtu akipanda mbegu ya chungwa la kijani kisha akavuna la manjano, mbegu haikumsaliti; ni hewa ya Kamukuywa.

Ugonjwa pia huharibu maandishi ya jani. Katika nyanda za juu kama hizi kuna mdudu mdogo anayerukaruka, Trioza erytreae. Watoto wake hujikita upande wa chini wa jani changa, kila mmoja katika kishimo chake, na upande wa juu huota vinundu. Jani lililojaa vinundu hujikunja, na hapo ukingo na umbo lake havisomeki tena. Mdudu huyo ndiye hueneza ugonjwa wa kijani wa Afrika, unaosababishwa na bakteria anayeziba mishipa ya mti na kupenda mahali penye ubaridi. Ugonjwa huo ndio mojawapo ya sababu za michungwa ya nyanda za juu za Kenya kufa. Jani lake hupata mabaka ya njano yasiyolingana kushoto na kulia. Ukiona unjano unaolingana pande zote mbili, katikati ya mishipa iliyobaki kijani, hapo fikiria kwanza upungufu wa zinki kwenye udongo. Na tangu katikati ya miaka ya 2010 mdudu mwingine, Diaphorina citri wa Asia, amethibitishwa Tanzania na Kenya. Yeye hupenda joto, kwa hiyo pwani na mabondeni ndiko kwake, lakini miche husafiri kwa lori.

Jambo la nne lina kesi nyingi hapa kwetu. Mtu husema: nilinunua mchungwa, ukazaa miaka miwili, kisha ukageuka mlimau. Hakuna mti unaogeuka. Mchungwa ulionunuliwa kwenye kitalu ni miti miwili: chini kuna rafu lemoni yenye mizizi ya nguvu, juu kuna jicho la mchungwa lililobebeshwa. Jicho likifa kwa ukame, kwa mbuzi, au kwa panga la mpalilizi, kishina huchipua chini ya kovu la kubebesha na kuchukua nafasi. Hapo jani ni hakimu mzuri. Linganisha jani la juu ya kovu na la chini yake: la chini likiwa na meno ukingoni na chipukizi la zambarau, likate lingali changa. Na mti ukiwa umekwisha kuwa mlimau mtupu, usisambaze mbegu zake kwa majirani ukisema ni za mchungwa.

Kutoka ukoo hadi uamuzi

Nimesema ukoo unatosha kwa uamuzi. Sasa nitalipa deni hilo.

Mche ukiwa rafu lemoni, umeokota kishina. Huvumilia ukame, hukua upesi, na hustahimili kirusi cha tristeza. Usiusubiri uzae. Ukifika unene wa penseli, ubebeshe jicho la mchungwa au mchenza unaoujua, sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo, ili kovu lisiguswe na matope, maana maradhi ya kuoza kwa kitako cha shina hupenda udongo wetu mzito unaotuamisha maji.

Mche ukiwa mdanzi, uacheni uzae kwa achari na dawa za nyumbani, lakini msiutumie kama kishina cha mchungwa. Katika miaka ya 1930 tristeza iliua mamilioni ya michungwa ya Argentina na Brazil iliyokuwa imebebeshwa juu ya mdanzi. Kirusi hicho huenezwa na vidukari weusi wa mchungwa, na vidukari hao tunao.

Mche ukiwa mchungwa au mchenza wa kundi la nakala, na mama yake alikuwa mtamu, una kila sababu ya kuutunza. Una faida moja isiyosemwa sana: ugonjwa wa kijani na tristeza havipiti kwenye mbegu, hivyo mche umeanza maisha ukiwa safi. Hasara yake ni subira, kwa sababu utangoja miaka sita hadi kumi, wakati uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hivi. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuchukua jicho la mche huo mchanga na kulibebesha juu ya rafu lemoni hakuondoi utoto wake. Jicho hubeba umri wa mti lilikotoka. Kinachofupisha kungoja ni jicho kutoka kwenye tawi lililokwisha kuzaa, si kisu cha kubebesha.

Mche ukiwa mfurungu, au ukiwa umejitenga na wenzake mstarini, huo ni mche wa bahati nasibu. Mwenye ekari moja na watoto wa kulisha asiupe nafasi. Shule yenye kona ya ardhi na walimu wenye subira ingeweza kuupanda, kwa sababu aina mpya hupatikana kwa njia hiyo. Pixie yenyewe ilianza kama mche mmoja wa mbegu uliotunzwa na kupimwa kwa miaka mingi.

Na mche ukiwa na vishimo chini ya jani, ukoo wake usikushughulishe kwanza. Utenge, unyunyizie dawa au uuchome, na usiuhamishe hadi kwa shemeji yako Kiminini.

Mtu akitaka jina kamili, zipo njia mbili tu. Ya kwanza ni tunda lenyewe kwenye mti mzima, likipimwa majira ya kuiva, idadi ya mbegu, ganda na ladha. Ya pili ni maabara ya DNA, na hata huko machungwa matamu hutatiza, kwa sababu Valencia, Hamlin na Washington Navel zote zimetokana na mti mmoja wa kale kwa mabadiliko madogo madogo ya matawi. Ikiwa mashine hutatizika, jani la mche kwenye kopo tulisamehe.

Ninachowaomba wenye vitalu ni kidogo, na hakihitaji fedha. Kila mfuko wa miche uwe na kibandiko chenye mambo manne: mti mama ulipo, tunda lake lilivyokuwa, mwezi wa kupanda, na kama mche umebebeshwa, jicho limetoka mti gani. Jina liandikwe mwisho, tena na mtu aliyeonja tunda la mti mama. Anayetaka kuuza rasmi ajisajili, awaite wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS, na atafute macho safi kupitia watafiti wa kilimo wa KALRO. Mnunuzi naye aache kuuliza "hii ni ya wapi?" peke yake, aulize "nani ameonja tunda la mama yake?" Kitalu kinachoweza kujibu swali hilo kitauza miche mwaka huu na mwaka ujao pia.

Nimemaliza upande wangu. Naona wengine mmekuja na majani mfukoni. Yaleteni mezani, kila moja na kikonyo chake, tuanze na yale mnayobishania.